Unafungua Kituo Kipya? Panga Mafundi wa Ndege Kabla Tiketi Hazijauzwa

Maswali ni yale yale kila msimu wa ruti mpya. "Uwanja tunaoenda una kampuni ya matengenezo, si inatosha?" "Tukisafiri na fundi wetu?" "Tupeleke spea zipi?" Na huulizwa wiki mbili kabla ya safari ya kwanza, wakati idara ya biashara imeshamaliza kazi yake na abiria wanasubiri.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyekabidhiwa upande wa ufundi. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba ndege ya shirika lako ikitua ugenini, yupo mtu wa kuiangalia, wa kuitengeneza, na mwenye haki ya kusaini ili iondoke. Hilo la tatu ndilo linalokwamisha wengi. Mtu wa kufungua boneti ya injini hakosekani. Mwenye saini anaweza kukosekana uwanja mzima.

Nazungumzia matengenezo ya uwanjani tu: ukaguzi wa kati ya safari, wa kila siku na wa kila wiki, kuongeza mafuta ya injini, kubadili gurudumu au breki, kutatua hitilafu aliyoandika rubani. Kazi kubwa za hangani hazimo humu. Mifano ya kanuni nimeichukua kwenye mfumo wa EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, kwa kuwa mamlaka nyingi zina kanuni zinazofanana nao. Kanuni za nchi iliyosajili ndege yako zikisema tofauti, fuata hizo.

Uwe na haya mezani kabla ya kuanza

- Ratiba halisi: siku, saa za kutua na kuondoka, na ndege itakaa chini muda gani.
- Orodha ya ndege zitakazopangwa kwenye ruti, kwa namba za usajili na aina ya injini za kila moja.
- Programu ya matengenezo iliyoidhinishwa, toleo la sasa.
- MEL yenu, yaani orodha ya vifaa ambavyo ndege inaruhusiwa kuruka navyo vikiwa vibovu, na masharti yake.
- Rekodi ya hitilafu za ndege hizo kwa mwaka mzima uliopita.
- Namba ya simu ya kituo chenu cha udhibiti wa matengenezo, na uhakika kwamba inapokelewa saa tisa usiku.
- Muda. Miezi mitatu inabana, sita inatosha. Ukipewa mwezi mmoja, andika barua mapema ueleze kipi hakitakuwa tayari, ubaki na nakala.

Hatua ya 1: Jua ndege inageuza au inalala

Ndege inayoshusha, kupakia na kugeuza ndani ya saa moja ina mahitaji tofauti kabisa na inayolala. Ikilala, kuna uwezekano mkubwa ukaguzi wa kila siku utaangukia hapo, na huo unahitaji fundi mwenye idhini, mwanga, ngazi na muda.

Chukua programu ya matengenezo uipitishe juu ya ratiba, siku baada ya siku kwa wiki mbili. Andika kila ukaguzi utakaoisha muda ndege ikiwa ugenini. Chini ya kanuni za EASA, ukaguzi wa kabla ya safari hauhesabiwi kuwa matengenezo, na rubani aliyefundishwa anaweza kuufanya. Kwa hiyo ndege ndogo za masafa mafupi zinaweza kugeuza bila fundi kuzigusa, mradi programu yenu inaruhusu. Usilipe fundi wa kila safari kwa mazoea tu. Lakini pia usidhani rubani atafanya lolote zaidi ya hilo.

Hatua ya 2: Chagua aina ya msaada

Kuna njia nne.

Ya kwanza ni mkandarasi wa kuitwa: anakuja hitilafu ikitokea. Ni rahisi kwa bei, na inafaa ndege inayogeuza mara chache kwa wiki. Ubaya wake ni kwamba fundi anayeiona ndege yako mara moja kwa miezi miwili haijui.

Ya pili ni mkandarasi wa kila safari, anayeipokea ndege na kuiaga. Ndiyo ninayoipendekeza kwa ndege kubwa, kwa safari za usiku na kwa miezi ya mwanzo ya kituo chochote.

Ya tatu ni fundi wenu kusafiri na ndege. Wakurugenzi huipenda kwa sababu kwenye karatasi inaonekana ya bure. Si ya bure: kiti kinapotea, viza inahitajika, na mtu aliyekaa saa saba kwenye kiti si mtu wa kumkabidhi ubadilishaji wa breki alfajiri. Weka kikomo cha saa zake za kazi kwa maandishi, na uhesabu muda wa safari kuwa kazi. Jeki na naitrojeni bado atavikopa kwa mtu huko huko.

Ya nne ni kituo chenu wenyewe, chenye mafundi na stoo. Hiyo ije baadaye, safari zikiwa nyingi.

Hatua ya 3: Hakiki idhini, mstari kwa mstari

Hapa usiharakishe. Mkandarasi atakutumia cheti chenye nembo nzuri, nawe utashawishika kufunga faili. Kabla hujafunga, jibu maswali manne.

*Cheti kimetolewa na mamlaka gani?* Ndege inaachiwa kurudi kazini kwa kanuni za nchi ilikosajiliwa, hata kama imeegeshwa bara jingine. Kampuni yenye idhini ya nchi yake tu haiwezi kusaini ndege yako mpaka mamlaka yako iitambue au iipe idhini yake. Mchakato huo una fomu, ada na foleni, na ndiyo sababu nimesema miezi sita.

*Aina ya ndege imo, pamoja na injini?* "A320" peke yake haitoshi. A320 yenye injini za CFM56 na yenye V2500 ni uidhinishaji mbili tofauti, na ile mpya yenye LEAP-1A ni wa tatu. Boeing 737-800 ina CFM56-7B, 737 MAX ina LEAP-1B. Linganisha cheti na orodha yako ya namba za usajili. Shirika likikodi ndege moja ya ziada katikati ya msimu, yenye injini nyingine, zoezi linaanza upya.

*Uwanja wenyewe umetajwa?* Kampuni inaweza kuwa na idhini safi kwenye makao yake makuu, huku uwanja unaoenda haumo kwenye orodha ya vituo katika kitabu chake cha taratibu. Chini ya Part-145, kanuni ya EASA kwa kampuni za matengenezo, kitabu hicho huitwa MOE. Omba ukurasa wa vituo na ukurasa wa upeo wa kazi. Wakikutumia kurasa zenye tarehe za matoleo mawili tofauti, uliza kwa nini.

*Kazi gani wanaruhusiwa kituo hicho?* Wengine wana idhini ya ukaguzi wa kila siku lakini si wa kila wiki. Wengine wana mafundi wa mitambo bila wa umeme na elektroniki.

Hatua ya 4: Hesabu watu

Leseni pekee haimpi mtu haki ya kusaini. Kampuni yenye idhini ndiyo humpa fundi kibali cha kusaini kwa jina lake, baada ya kuthibitisha leseni, mafunzo ya aina ya ndege na uzoefu wa karibuni. Kanuni ya EASA inataka awe amefanya kazi halisi angalau miezi sita katika kila kipindi cha miaka miwili. Aina za leseni pia zina mipaka: A ni kazi ndogo zilizoorodheshwa, B1 ni mitambo na injini, B2 ni elektroniki za ndege. Mwenye A hawezi kukuachia ndege iliyopigwa na radi.

Omba majina, na kila jina lije na kibali chake na tarehe ya kuisha. Kisha yapange kwenye ratiba yako: nani yupo Jumapili usiku? Nani anashika nafasi mwenzake akiwa likizo? Nimeona orodha ya mafundi wanane ambayo ukiichambua, mwenye aina ya ndege inayotakiwa ni mmoja. Huyo mmoja akiugua, kituo kimefungwa.

Kisha uwafundishe nyinyi: logi yenu (kitabu cha kumbukumbu za ufundi wa ndege) inajazwaje, MEL yenu inatumikaje, simu inapigwa wapi. Kama ruti ni ya ETOPS, yaani ndege ya injini mbili inayokwenda mbali na viwanja vya kutua kwa dharura, wanahitaji mafunzo na kibali cha ziada.

Hatua ya 5: Nenda ukaone, na uende usiku

Ukaguzi wa mchana hukuonyesha ofisi, na ndege yako pengine itatua saa nane usiku. Nenda saa hiyo. Mwambie fundi wa zamu afungue kwenye kompyuta yake utaratibu wa kubadili gurudumu kuu kwa namba ya usajili ya ndege yako. Kama AMM, yaani mwongozo wa matengenezo ya ndege, inafunguka, ni toleo la sasa, na ndege yako imo, vizuri. Akianza kutafuta nywila ya mwenzake, umeshapata jibu.

Pita stoo. Shika spana ya kupimia mkazo, usome stika ya kalibresheni: tarehe haijapita? Namba kwenye stika inafanana na iliyogongwa kwenye chuma? Angalia makopo ya mafuta ya injini: lililofunguliwa jana limewekwa wapi? Angalia kama vipuri vibovu vimetengwa na kufungiwa, au vimelala rafu moja na vizima. Vuta mkokoteni wa naitrojeni uone geji inasoma nini. Mkokoteni mtupu wenye rangi mpya si kitu cha ajabu.

Uliza pia fito ya kuvutia ndege ni ya aina ipi, jeki ya gurudumu inafaa ndege yako, na vifaa vya kuzungumza na rubani vipo vingapi vinavyofanya kazi.

Hatua ya 6: Andika nani anafanya nini, jambo kwa jambo

Mashirika mengi hutumia mkataba wa kawaida wa huduma za uwanjani wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, na kuongeza kiambatisho cha bei: malipo ya kila ndege, saa za ziada, mwito wa usiku, kukodi vifaa. Hayo wanasheria watayaweka sawa. Yako ni jedwali la majukumu, na lisiwe la jumla. Liandike kwa vitenzi: nani *anaweka* pini za magurudumu, nani *anazitoa*, nani *anazihesabu*, nani *anamwonyesha* rubani. Vivyo hivyo kwa vifuniko, milango ya paneli na mafuta.

Sababu ni hii. Tarehe 18 Julai 2018, Airbus A330 ya Malaysia Airlines iliondoka Brisbane, Australia, usiku ikiwa na vifuniko juu ya mirija ya pito, ile inayopima mwendo wa ndege hewani. Vilikuwa vimewekwa kwa sababu uwanja huo una nyigu wanaojenga ndani ya mirija. Marubani waliruka bila kipimo cha mwendo cha kuaminika, wakarudi na kutua salama. Shirika lilikuwa limerejesha safari za Brisbane muda si mrefu kabla ya hapo. Uchunguzi wa ATSB, taasisi ya Australia ya kuchunguza ajali, ulionyesha kwamba ukaguzi wa nje haukufanywa kikamilifu na watu kadhaa waliopaswa kuufanya. Kwa maneno mengine, kila mlango ulikuwa na mlinzi na mwizi akapita. Kituo kipya, wageni kwa wenyeji, kila upande unaamini mwenzake ameangalia: mazingira hayo ndiyo unayoyajenga wewe sasa hivi.

Kwa hiyo kila kifuniko na kila pini iandikwe kwenye logi inapowekwa, na maandishi yafungwe kwa saini inapotolewa. Anayeona kero ya kuandika aelezwe habari ya Brisbane.

Na mkandarasi akatazwe kwa maandishi kumpa mtu mwingine kazi yako bila idhini yenu. Shirika ndilo linalobaki na wajibu wa ubora wa ndege, hata kazi ifanywe na nani.

Hatua ya 7: Spea na vifaa

Usinakili orodha ya shirika jingine. Chukua rekodi yako ya hitilafu, uzipange kwa idadi, kisha uulize kila moja: MEL inaniruhusu kuondoka nayo? Kama ndiyo, spea inaweza kubaki nyumbani. Kama hapana, na hutokea mara kwa mara, iwe kule au njia ya kuipata ijulikane. Mara nyingi utaishia na gurudumu kuu, gurudumu la mbele, breki, mafuta ya injini, mafuta ya haidroliki na taa chache.

Kwa vipuri vya gharama kubwa, angalia kukopa kabla ya kununua. IATP ni ushirika wa mashirika ya ndege wa kuchangia vipuri na vifaa kwenye viwanja mbalimbali, na mkandarasi naye anaweza kuwa na vya kukodisha. Kipuri chochote kije na karatasi yake ya uidhinishaji, EASA Form 1 ya Ulaya au FAA 8130-3 ya Marekani. Bila karatasi ni chuma tu.

Ukipeleka boksi la spea ndani ya ndege, kumbuka uzito wake unakula mzigo wa kulipiwa kila safari. Na mitungi ya oksijeni, jenereta za oksijeni na baruti za mitungi ya kuzimia moto ni mizigo hatari kisheria. Ndege ya ValuJet 592 iliangukia Florida tarehe 11 Mei 1996 na kuua watu wote 110 baada ya jenereta za oksijeni zilizopakiwa kinyume cha taratibu kuwasha moto kwenye chumba cha mizigo. Zilitoka kwa kampuni ya matengenezo.

Hatua ya 8: Fanya mazoezi ya simu

Kaa na mkandarasi na kituo chenu cha udhibiti, mpige simu za kweli: "Saa nane usiku, tairi limechanika, ndege inaondoka saa kumi na moja." Nani anapokea? Nani anafungua MEL? Gurudumu liko wapi, na ufunguo wa stoo uko na nani? Swali la ufunguo ndilo huwa halina jibu.

Safari za mwanzo, peleka fundi wenu mmoja asimame pembeni. Asifanye kazi ya mkandarasi; aangalie na kurekebisha.

Makosa yanayorudiwa

*Mafuta ya injini kupimwa wakati usio wake.* AMM inataja muda baada ya injini kuzimwa ambao kipimo ni sahihi. Ukichelewa, sehemu ya mafuta hubaki ndani ya injini, tangi linasoma chini, fundi anajaza kupita kiasi. Kesho yake takwimu zenu za ulaji wa mafuta hazina maana.

*Upepo wa kawaida kwenye tairi.* Tumia naitrojeni. Boeing 727 ya Mexicana ilianguka tarehe 31 Machi 1986 na kuua watu wote 167: breki ilipata joto kali, na tairi lililojazwa hewa badala ya naitrojeni likalipuka ndani ya ndege. Na usipunguze upepo wa tairi la moto kwa sababu geji inasoma juu. Subiri lipoe.

*Fundi mmoja, injini zote, kazi ile ile.* Tarehe 5 Mei 1983 ndege ya Eastern Air Lines, safari 855, ilipoteza mafuta ya kulainisha kwenye injini zake zote tatu kwa sababu oringi, pete za kuzuia uvujaji, hazikuwekwa kwenye vigunduzi vya vipande vya chuma. Marubani walifanikiwa kuwasha injini moja tu wakatua Miami. Kituo chenye fundi mmoja usiku kina mtego huu kila siku. Gawa kazi: injini moja leo, nyingine kituo kingine, au mtu wa pili akague.

*"Imeangaliwa, ipo sawa."* Maandishi hayo kwenye logi hayasaidii mtu. Andika kilichofanywa, rejea ya AMM, na matokeo. Nakala ya ukurasa ibaki ardhini kabla ndege haijaondoka.

Mambo yakikwama

*Hitilafu inaahirishwa na siku zinakaribia kwisha.* Katika MEL, muda wa kuahirisha hupangwa kwa makundi: Kundi B lina siku 3, C siku 10, D siku 120, na siku ya kugunduliwa haihesabiwi. Kundi A linafuata muda ulioandikwa penyewe. Usisubiri siku ya mwisho kumbe ndege imepangwa kulala ugenini. Omba wapanga ratiba waibadilishe, irudi nyumbani mapema.

*Hitilafu ile ile imeandikwa mara ya tatu.* Acha kubadilisha kifaa tu. Mwambie fundi afuate mwongozo wa kutafuta chanzo mpaka mwisho, na ndege ipewe muda wa kukaa chini.

*Spea imekwama forodhani.* Mara nyingi tatizo ni karatasi: thamani haikutajwa, au haikuandikwa kwamba ni kipuri cha ndege iliyokwama. Tafuta wakala wa forodha wa uwanja huo kabla hujamhitaji, na umpe mfano wa hati zenu.

*Hakuna mwenye saini, na ndege imekwama.* Piga simu kituo cha udhibiti kwanza, kisha mkandarasi wa pili uliyemtafuta mapema. Ikishindikana kabisa, kanuni za EASA zinaruhusu kampuni ya matengenezo yenye idhini kutoa kibali cha mara moja tu, kwa dharura isiyotarajiwa, nje ya makao makuu. Apewe fundi wake mwenye kibali cha ndege inayofanana, au, kama hakuna kampuni yenye idhini mahali hapo, fundi wa nje mwenye uzoefu wa angalau miaka mitano na leseni halali ya aina hiyo ya ndege. Mamlaka iarifiwe ndani ya siku saba. Ukitumia mlango huo mara mbili kwenye kituo kimoja, rudi hatua ya 4.

*Ankara haifanani na kazi.* Kila mwito uwe na hati ya kazi yenye saa ya kuanza, ya kumaliza, na saini ya rubani au mwakilishi wenu. Ankara isiyo na hati hiyo irudishwe siku ile ile ilipofika.